Kuomba Nafasi ya Uzamili katika Kinga ya Mimea na Udhibiti wa Visumbufu: Mwongozo kwa Mwombaji Aliye Mombasa

Waombaji wengi huanza kwa kufungua tovuti ya chuo na kujaza fomu. Wakifika kwenye kisanduku kinachouliza wanataka kutafiti nini, hukwama, kisha huandika sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote wa nchi yoyote. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo: unaanza na swali la utafiti, kwa sababu katika fani hii swali ndilo linaloamua uombe chuo gani, umwandikie msimamizi yupi, utafute fedha wapi na hata uanze masomo mwezi gani. Vyeti na fomu vina nafasi yake, nami nitavifikia.

Hatua ya kwanza: tafuta kisumbufu chako

Kinga ya mimea ni nyumba yenye vyumba vingi. Kuna elimu ya wadudu, elimu ya magonjwa yanayoletwa na kuvu, bakteria na virusi, elimu ya minyoo ya mizizi, elimu ya magugu, elimu ya panya na ndege waharibifu, na elimu ya viuatilifu vyenyewe, jinsi vinavyofanya kazi na jinsi vinavyobaki kwenye chakula. Udhibiti husishi, yaani kuunganisha mbinu kadhaa ili dawa iwe ya mwisho badala ya kuwa ya kwanza, hupita katika vyumba vyote hivyo. Mwombaji anayesema anapenda vyote huonekana hajaingia hata kimoja.

Aliye Mombasa ana bahati ambayo mara nyingi haioni, maana Pwani ni mlango wa kuingilia visumbufu. Nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa kwa mara ya kwanza Afrika mwaka 2003, na aligunduliwa hapa hapa Pwani ya Kenya. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, ambao huozesha kiazi huku majani yakiweza kuonekana mazima, ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 kutoka Amani, ng'ambo tu ya mpaka katika milima ya Usambara. Funza wa mabua ya mahindi aitwaye Chilo partellus naye ni mgeni kutoka Asia, na mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilimwachilia Pwani ya Kenya nyigu mdogo kutoka Pakistani, Cotesia flavipes, ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa funza huyo. Minazi nayo ina chonga, yaani mbawakawa wa minazi, na ina mdudu mfyonzaji, Pseudotheraptus wayi, anayesababisha madafu machanga kudondoka. Adui mkubwa wa mfyonzaji huyo ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani na ambao kila aliyewahi kukwea mti Pwani anawakumbuka kwa uchungu.

Nenda soko la Kongowea wakati wa msimu wa maembe, uombe matunda yaliyotengwa pembeni. Chukua embe moja la aina ya ngowe lenye alama ndogo nyeusi kama tundu la sindano, ulibonyeze kidogo: majimaji yatatoka. Likate, na utaona mabuu meupe yakijikunja katika nyama iliyogeuka uji. Ukiyaweka juu ya meza, baadhi yatajipinda kama upinde na kuruka. Muulize muuzaji lilitoka wapi, aina zipi huoza sana na zipi hustahimili, na mkulima anafanya nini na matunda yaliyoanguka chini ya mti. Ukiondoka na majibu hayo kwenye daftari, tayari una kitu ambacho mwombaji aliyejifungia chumbani hana.

Kisha geuza ulichoona kiwe swali linaloweza kupimwa. "Nzi wa matunda ni tatizo" si swali. "Je, kuokota na kuzika maembe yaliyoanguka kunapunguza idadi ya mabuu katika matunda yanayovunwa wiki zinazofuata, katika mashamba madogo yaliyopakana?" ni swali. Ona jinsi neno "yaliyopakana" linavyobeba uzito: nzi huruka, na jirani asiyeokota anaweza kuifuta kazi ya anayeokota.

Hatua ya pili: pima sifa zako bila kujidanganya

Vyuo vingi vya Kenya humtaka mwombaji wa uzamili awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu katika kilimo, elimu ya mimea, zoolojia, biolojia au fani inayokaribiana nazo. Mwenye daraja la pili la chini kwa kawaida huombwa uzoefu wa kazi unaohusiana, mara nyingi wa miaka miwili. Hapo afisa ugani wa kaunti au mfanyakazi wa duka la pembejeo asidharau alichonacho. Miaka miwili ya kuwaeleza wakulima kipimo cha dawa ni uzoefu, mradi barua ya mwajiri iseme hivyo kwa maneno bayana badala ya kutaja cheo pekee.

Ikiwa shahada yako ni ya nchi nyingine, shughulikia mapema utambuzi wake rasmi nchini, maana chuo kinaweza kukuomba cheti hicho. Ikiwa ulisoma biokemia na hukugusa kabisa elimu ya wadudu, uliza kama utatakiwa kuchukua masomo ya kujaziliza. Jibu la ndiyo lisikukatishe tamaa, ila litaongeza muda na ada.

Hatua ya tatu: chagua msimamizi kwanza, chuo baadaye

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri uliozoeleka. Jina la chuo hukaa kwenye cheti, lakini msimamizi ndiye atakayesoma rasimu yako au kuiacha miezi minne mezani. Tafuta machapisho ya miaka mitano iliyopita yanayohusu kisumbufu chako Afrika Mashariki, andika majina yanayojirudia, kisha uangalie watu hao wanafundisha wapi.

Kwa aliye Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi ni umbali wa kilomita 60 hivi kutoka mjini Mombasa, na faida yake kubwa ni kwamba shamba lako la utafiti linaweza kuwa njiani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya sayansi ya mimea na kinga ya mazao katika kampasi yake ya Kabete. Egerton kilichoko Njoro na Jomo Kenyatta kilichoko Juja navyo vina mizizi mirefu katika kilimo. Anayetaka kutafiti panya aitazame Morogoro, kwani Chuo Kikuu cha Sokoine kimejenga jina lake barani kwa utafiti wa panya waharibifu.

Taasisi za utafiti zisizotoa shahada nazo zihesabiwe. Kituo cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, huwapokea wanafunzi waliosajiliwa katika vyuo vikuu wafanye tasnifu zao pale, na programu yake ya uzamivu ya elimu ya wadudu ilianza mwaka 1983. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo Mtwapa, daladala moja tu kutoka Kisauni ukipenda kusema kama wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, matatu moja ukipenda kusema kama sisi. Mwanafunzi anaweza kuwa na msimamizi mmoja wa chuo na mwingine wa taasisi, na mpangilio huo mara nyingi ndio unaompatia maabara, mitego na gari la kwenda shambani.

Ughaibuni, ziangalie shahada za pamoja za Erasmus Mundus, ambazo mwanafunzi husomea katika nchi zaidi ya moja. Nyingi kati yake hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, kwa ajili ya masomo yanayoanza mwaka huo unaofuata. Mtihani wa Kiingereza ukihitajika, matokeo ya IELTS huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya mapema mno. Kwanza uliza kama chuo kitakubali barua inayothibitisha kwamba ulisoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza, maana ada ya mtihani si ndogo.

Kabla ya kukichagua chuo chochote, uliza programu ni ya namna gani. Ipo ya masomo na tasnifu, na ipo ya masomo na mradi mfupi. Anayelenga uzamivu au kazi ya utafiti aende kwenye tasnifu, na anayetaka kupanda cheo kazini anaweza kutosheka na mradi. Uliza pia wanafunzi waliotangulia walimaliza kwa muda gani, na umuulize mwanafunzi mwenyewe, si ofisi.

Hatua ya nne: mwandikie msimamizi

Barua pepe hii huandikwa kwa Kiingereza, lakini ifikirie kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha kukariri ndicho kinachojaza barua hizi maneno matupu. Ukimkuta ana kwa ana na ni mtu mzima wa Pwani, shikamoo haimpunguzii mtu chochote. Kwenye barua, cheo na jina lake la ukoo vinatosha. Maudhui yawe kama haya:

"Profesa, nimesoma makala yako kuhusu nzi wa matunda katika mashamba madogo. Ninaishi Mombasa, na msimu uliopita nilifuatilia maembe yaliyotupwa katika soko la Kongowea kwa wiki sita. Ngowe ziliharibika zaidi ya aina nyingine nilizohesabu, lakini sikuweza kujua kama sababu ni tunda lenyewe au ni mahali lilikotoka. Ningependa kulitafiti swali hilo katika uzamili. Je, unapokea wanafunzi wapya kwa mwaka ujao wa masomo? Nimeambatisha wasifu wangu wa kurasa mbili na nakala ya matokeo."

Barua hiyo haina sifa za kumlewesha mtu. Kuna jambo moja lililoonwa, udhaifu mmoja uliokubaliwa, na ombi linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akinyamaza tena, mwache na uende kwa mwingine. Usiwaandikie walimu watano wa idara moja siku moja barua ileile, kwani wanakunywa chai pamoja.

Hatua ya tano: kusanya nyaraka mapema kuliko unavyodhani

Utahitaji cheti cha shahada, nakala rasmi ya matokeo, cheti cha KCSE, kitambulisho au pasipoti, wasifu, na barua mbili au tatu za mapendekezo. Orodha ni fupi. Muda wa kuipata ndio mrefu.

Nakala rasmi ya matokeo ndiyo inayowaangusha wengi. Mimi niliiomba nikiwa na wiki tatu mkononi, nikidhani ni jambo la kupiga chapa na kugonga muhuri. Ofisi husika ikagundua kwamba jina langu la tatu lilikuwa na herufi moja zaidi kwenye sajili yao kuliko kwenye kitambulisho, nikarudishwa nikaape, na nilipoipata karatasi ile dirisha la maombi lilikuwa limefungwa siku tisa. Mwaka mzima ulikwenda kwa herufi moja. Pwani tatizo hili limeenea, kwa kuwa majina yetu huandikwa jinsi karani alivyosikia: Mwanaisha hapa, Mwanaesha pale, "bin" ipo kwenye cheti cha kuzaliwa na haipo kwenye cheti cha shule. Leo hii, kabla ya kuendelea kusoma, weka vyeti vyako vyote mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, mwone wakili uandikishe hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, na uichanganue kwa skana pamoja na vyeti vingine.

Kuhusu barua za mapendekezo, chagua anayekufahamu kuliko anayejulikana. Mhadhiri aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho na anayekumbuka kwamba ulirudia jaribio mara tatu ana manufaa kuliko mkuu wa kitivo ambaye hajui sura yako. Mpe walau mwezi mmoja, na umpelekee wasifu wako, rasimu ya barua ya malengo, na mistari mitano ya kumkumbusha ulichofanya katika somo lake. Vyuo vingi humtumia yeye moja kwa moja kiungo cha kuwasilishia barua, kwa hiyo mpigie simu umwombe aangalie hata kwenye folda ya barua taka.

Hatua ya sita: barua ya malengo

Sentensi ya kwanza ninayoikuta mara kwa mara ninapowasomea vijana barua zao ni hii: "Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na kilimo, ambacho ni uti wa mgongo wa uchumi wa nchi yetu." Ifute. Msomaji wa kamati ameshaisoma mara arobaini asubuhi hiyo. Linganisha na hii: "Mjomba wangu Msambweni hupiga dawa muhogo wake kila anapoona inzi weupe, na bado viazi huoza, kwa sababu vipando anavyopewa na jirani huja tayari vina virusi." Katika sentensi moja tumepata mdudu anayesambaza ugonjwa, njia ya pili ya maambukizi, na kosa la udhibiti linaloweza kutafitiwa.

Baada ya mwanzo wa namna hiyo, eleza ulichojifunza kinachokuwezesha kulishughulikia jambo hilo, kwa nini programu hiyo na msimamizi huyo, na utafanya kazi gani ukimaliza. Kama alama zako zilianguka muhula fulani, eleza kwa sentensi mbili bila kulia. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Hatua ya saba: dokezo la utafiti

Kurasa mbili hadi tatu: tatizo, kinachojulikana, swali, mbinu, ratiba na gharama. Uhai wake uko kwenye mbinu, na hapo ndipo kamati humjua anayeifahamu kazi. Chukua tena nzi wa maembe. Wengi huandika kwamba wataning'iniza mitego ya methili yujenoli na kuhesabu nzi. Kivutio hicho huvuta madume, kwa hiyo mtego uliojaa haukuambii moja kwa moja ni matunda mangapi yametobolewa na majike. Mwombaji makini ataongeza njia ya pili: kuokota maembe kwa mpangilio maalumu, kuyapima uzito, kuyaweka juu ya mchanga katika vyombo vilivyofunikwa kwa kitambaa, kuchekecha mchanga baada ya siku kadhaa, na kuhesabu mabuu yaliyogeuka buo, yaani hatua ya kabla ya kuwa nzi, kwa kila kilo ya matunda. Kisha atasubiri nzi watoke ili ajue ni spishi gani, kwa sababu nzi wa kienyeji nao wamo.

Ratiba iheshimu miti. Chuo kinachoanza masomo Septemba, chenye mwaka mmoja wa masomo ya darasani, kinakupa msimu mkubwa wa maembe wa mwishoni mwa mwaka wa kalenda, ukiwa mwanzoni mwa mwaka wako wa pili wa masomo, na dokezo lako likichelewa kupitishwa kwa miezi mitatu, maembe hayatakungoja. Panga mbadala mapema, mathalani kazi ya awali katika msimu wa kwanza ukiwa bado darasani. Anayetafiti muhogo ana nafuu kiasi kwa kuwa hukaa shambani muda mrefu, lakini naye lazima aziwahi mvua za masika.

Kwenye gharama, usisahau nauli. Mashamba kumi na mawili yaliyoko Kwale, yanayotembelewa kila wiki kwa miezi minne, yana maana ya feri ya Likoni kwenda na kurudi, matatu na bodaboda, na jumla yake inaweza kukushangaza kuliko bei ya mitego.

Hatua ya nane: fedha

Tenganisha mafungu matatu: ada, matumizi ya kuishi, na gharama za utafiti. Udhamini mwingi hulipa moja au mawili, na mwanafunzi huja kugundua la tatu akiwa shambani. Bodi ya mikopo ya HELB huwahudumia pia wanafunzi wa uzamili. Mtandao wa RUFORUM, wenye makao Kampala, hushughulika mahsusi na vyuo vikuu vya kilimo Afrika. DAAD ya Ujerumani hudhamini masomo ndani ya bara hili, na Jumuiya ya Madola hudhamini masomo Uingereza. Njia isiyotangazwa sana ni mradi wa msimamizi mwenyewe: mtafiti aliyepata ruzuku mara nyingi ana nafasi ya mwanafunzi ndani yake, na hii ni sababu nyingine ya kumwandikia kabla ya kujaza fomu.

Mtu akikuambia umlipe yeye binafsi ili "akusukumie faili", mwepuke. Ada halali ya maombi hulipwa kwa akaunti ya chuo, na risiti yake huambatishwa kwenye fomu.

Hatua ya tisa: kuwasilisha na kufuatilia

Changanua vyeti kwa skana, si kwa kupiga picha juu ya godoro. Yape mafaili majina yanayoeleweka, uangalie ukubwa unaoruhusiwa, na uwasilishe walau siku tano kabla ya mwisho, kwani umeme na intaneti huwa na tabia ya kukatika usiku ule wa mwisho. Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti yako na ufute mafaili kabla ya kuondoka. Hifadhi namba ya maombi kwenye simu na kwenye karatasi.

Ukiitwa kwenye usaili, tarajia swali ambalo halimo kwenye dokezo lako. Niliwahi kuulizwa ningefanya nini kama mkulima angepiga dawa katikati ya jaribio langu. Jibu walilolitaka lilihusu kuzungumza naye kabla ya kuanza, kumwachia sehemu ya shamba anayoweza kuipiga, na kuandika tarehe kila anapofanya hivyo.

Baada ya kukubaliwa

Jibu barua ya kukubaliwa ndani ya muda uliotajwa. Kama fedha bado, omba kwa maandishi kuahirisha, usikae kimya ukidhani nafasi itakungoja. Dokezo likishapitishwa na chuo, omba leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla ya kuingia shambani. Ukihitaji kuingiza nchini mdudu hai, kuvu au mbegu, zungumza na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kuagiza chochote, na ikiwa jaribio lako linahusu kiuatilifu ambacho hakijasajiliwa, bodi ya udhibiti wa bidhaa hizo lazima ihusishwe. Vibali hivi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo chukua kalenda, weka alama kwenye wiki ambayo maembe ya shamba lako huanza kubadilika rangi, uhesabu miezi mitatu kurudi nyuma, na siku hiyo ndiyo utakayopeleka ombi.